Shimo Linalopumua Katikati ya Theluji

Baba yangu, shikamoo.

Kikohozi kinaendeleaje? Usinijibu "kidogo tu", maana Shangazi Nyanzala ameshaniambia kwamba usiku nyumba nzima hailali. Mimi na mjukuu wako Neema tu wazima, ila baridi ya huku Buffalo mwaka huu haina adabu. Theluji imeziba dirisha la chini hadi mchana tunawasha taa. Neema siku hizi namuuliza kwa Kiswahili, ananijibu kwa Kiingereza. Huyo ni wako, utamnyoosha mwenyewe. Nimeamua kuandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ukisikia neno usilolipenda unasema mtandao unasumbua. Karatasi haina mtandao, Baba.

Kaka Deus alinipigia kutoka Louisville. Amepata nyumba kubwa zaidi kule Beechmont, chumba cha chini amekutengea wewe, na daktari wa kifua yuko karibu. Akaniambia, "Pendo, mimi Baba amenikatalia. Wewe ndiye kipenzi chake, mwandikie aje." Jibu ulilompa nalijua: huwezi kumwacha mdogo wako Masanja peke yake ndani ya duara, shimo la machimbo lililomfunika. Deus alikasirika. Anasema mtu aliyefukiwa na kifusi tangu sisi tukiwa watoto hahitaji mlinzi, ila wewe unahitaji mapafu. Na mimi nilikuwa upande wake, sikufichi. Kalamu nilishaishika nikusihi. Halafu ikatokea safari ya milimani.

Kanisani kwetu hapa East Side kuna bibi mmoja Mzungu, anaitwa Carol, anayejitolea kutufundisha Kiingereza. Amepita miaka sabini lakini anatembea kama anayekimbilia basi. Kila mwaka wakati wa theluji huenda milimani, mwendo wa nusu siku kwa gari, kwenye mgodi wa chuma uliofungwa zamani. Babu yake aliangukiwa na mwamba humo na hakutolewa. Anachagua theluji kwa sababu kiangazi vichaka vinaficha mdomo wa shimo. Safari hii gari lilikuwa na nafasi, akatualika mimi na jirani yangu Mama Furaha, Mkongo wa Kamituga. Mimi nilisita, nilimkumbuka Baba Mdogo. Mama Furaha hakusita. Asubuhi ya kupanda mlima nilimkuta jikoni kwenye nyumba tuliyolala, anasonga ugali.

"Mama Furaha, si tunakwenda kupanda mlima?"

"Bon, na babu ya Carol haiko kule?" akaniuliza, mwiko mkononi. "Kwa mukubwa hatuendake mikono mitupu."

Sufuria la ugali na sombe, kisamvu cha kwao, akalizungushia blanketi, juu yake kitenge, akalibeba mgongoni kama mtoto mchanga. Carol alitazama, akatabasamu.

Theluji ya kule juu humzamisha mtu hadi kiunoni, kwa hiyo tulijifunga chini ya viatu vitu vipana kama nyungo. Hatua za mwanzo nilijikanyaga mwenyewe nikaanguka kifudifudi, na Mama Furaha akacheka mpaka nikahofia sombe. Lakini ukishazoea ni ajabu! Unapita juu ya vichaka, juu ya ua wa watu, juu ya kijito, na chini yako husikii kishindo. Miti imebeba theluji hadi matawi yameinama. Sijawahi kuona mahali palipotulia namna ile, nikatamani uwe pembeni yangu, wewe usiyependa kelele.

Mgodi wenyewe umebaki magofu. Kuna tanuri la mawe refu kuliko mnara wa kanisa letu, na mti umeota kileleni. Magurudumu ya chuma yaliyonizidi kimo yamelala kwenye theluji na kutu yake. Nilizunguka pale nikishangaa. Waliojenga vile kwa mikono yao, kwenye baridi ile, walikuwa watu wa shoka.

Kisha tukafika kwenye shimo. Kote ni theluji, lakini mdomoni pake ardhi ilikuwa wazi, mawe yameota majani madogo mabichi. Wameweka nondo ili mtu asitumbukie, na katikati ya nondo mvuke ulikuwa unatoka taratibu. Carol akasema baridi haifiki kule chini. Baba, ulikuwa ukituambia kwamba duara lina pumzi yake, nami nikadhani ni hadithi za wachimbaji. Nimeweka kiganja changu pale. Ni vuguvugu.

Carol alivua kofia, akainama, akapaza sauti. Akamsalimia babu yake, akamweleza nani kaolewa, nani kazaliwa, na kwamba mbwa amekufa. Alizungumza vilevile unavyozungumza wewe na Baba Mdogo pale kwenye duara Jumapili baada ya misa. Alipomaliza akatugeukia. "Mwanangu yuko Columbus, anataka nikahamie kwake. Ni mtoto mwema. Lakini kutoka kule ni mbali mno kwa umri wangu. Nikienda, nani atamletea huyu habari?" Hakutaka tumwonee huruma. Alisema tu.

Mama Furaha akanitazama. "Pendo, donc huyu mama na papa yako beko mutu moya." Ni kweli, wewe na Carol ni mtu mmoja.

Akafungua kitenge, akamega ugali, akauweka juu ya jiwe karibu na nondo. Mikate ya Carol ilikuwa imeganda kama mbao, sombe yetu bado ya moto, basi tukala kwa mkono kutoka sufuria moja na Carol akalamba vidole. Nililia, Baba, na wenzangu wakaniacha nilie.

Tulidhani huzuni imekufunga. Kumbe unamtunza mtu, mwaka baada ya mwaka, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukushukuru. Ahsante, Baba. Ilibidi nimwone mgeni akifanya ndipo niheshimu cha kwetu.

Ujumbe wa Deus nimeufikisha: chumba kipo, daktari yupo. Mimi sikuombi uje. Nimeomba likizo kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi, na shule zikifungwa nakuja mimi na Neema. Tutaanzia hospitali ya Mwanza wapige picha hicho kifua, na hilo sikuulizi. Deus atanuna. Mwache anune, nitamalizana naye.

Nisalimie Shangazi Nyanzala, aendelee kunivujishia siri zako. Msalimie Mama Kulwa anayekuletea maziwa, na mwalimu wangu wa kwaya. Na Jumapili hii ukifika kwenye duara, mpe salamu zangu Baba Mdogo Masanja. Mwambie hakuna atakayekuhamisha.

Binti yako,
Pendo