Papa, Mtu wa Maji Aliyekwenda Kujifunza Moto

Papa yangu,

Juzi gari la zimamoto lilipita mbio karibu na mfereji hapa Molenbeek, huku ng'ambo, nami nikasimama kando ya barabara na mfuko wangu wa mboga kama ulivyozoea kusimama wewe, mpaka king'ora kikapotelea upande wa mjini. Nimeona ni heri nikuandikie, hata kama barua haifiki huko ulikolala.

Nilipokuwa mdogo kule Lubumbashi, nilijua mambo mawili tu ya maisha yako. Ujanani ulikuwa askari wa majini huko Kalemie, kwenye ziwa. Baadaye ukawa mzimamoto wa jiji mpaka ukaota mvi. Lililokuwa katikati hukulisema. Nilikuuliza, "Papa, muntu ya mayi alienda kufanya nini kwa moto?" Ukanivuta sikio ukicheka: "Mama, we unauliza kama juge wa mahakamani!" Uliniita mama kwa kuwa nina jina la mama yako. Labda ndiyo maana hukunijibu. Nani humweleza mama yake jinsi alivyoponea kifo?

Jibu nililipata hapa, Jumapili moja tukitoka kanisani. Maman, mkeo, alikuwa ameshatutoka, nami nilikuwa nimekuleta uishi kwangu. Tulimkuta Latifa, jirani yetu wa ghorofa ya chini, akipiga kelele mlangoni pake, ndoo ya maji mkononi. Mafuta yalikuwa yameshika moto jikoni. Wewe uliyekuwa ukipanda ngazi kwa kuegemea bega langu, ukaniachia.

"Pas d'eau, madame! Hapana mayi!"

Uliingia, nami nyuma yako nikikuvuta koti. Ukazima jiko, ukachukua mfuniko mkubwa, ukausogeza polepole juu ya kikaango kama mtu anayemfunika mtoto shuka. Miali ikazama. Latifa alitaka kufunua aone. Ukamzuia kwa mkono.

"Attends," ulimwambia angoje. Kisha ukanigeukia mimi: "Moto iko inatusikiliza."

Baadaye uliketi kwenye ngazi. Nilikuletea maji. Ukanywa, ukaanza kusema bila mimi kuuliza.

Kulikuwa na rafiki yako, Ilunga, askari mwenzako. Mlikuwa mbali na ufuo injini ya meli yenu iliposhika moto, na moshi ukajaza chombo kizima. Ilunga alikuwa nje tayari, salama, lakini alirudi chini kumtafuta fundi wa injini. Fundi alitoka. Ilunga hakutoka. Wengine mliruka ziwani, mkaokolewa na wavuvi.

"Kushoto mayi, kuume mayi," ulisema. "Mayi yote ile, mama, na ndugu yetu akaungua katikati. Mi sikuelewa. Bon, nikaacha kazi, nikapanda treni. Nikafika kwa bapompier, bazimamoto ya Lubumbashi, nikabaambia: mayi najua. Munifundishe moto."

Latifa alikuwa amesimama mlangoni. Hajui neno la Kiswahili, lakini alikuwa analia.

Tangu tukuzike nimekuwa nikikutafuta kwa watu. Nilimpigia simu Tonton Kabeya, mzee mliyefanya naye kazi ya zimamoto. Alisema kila moto ulipozimwa, wenzako walikuwa wanataka kwenda kula, wewe unachutama kwenye majivu unachokonoa kwa kijiti, unauliza ulianzia wapi, ulipita wapi, kwa nini uliacha chumba hiki ukachukua kile. "Papa yako alituchosha!" alisema, akacheka mpaka akakohoa. Nilicheka naye, kisha nikaona wivu. Yeye alikuona ukiwa na nguvu zako. Mimi nilikuona ukirudi nyumbani unanuka moshi, unadai maji ya kuoga.

Jumamosi iliyopita, mimi na Latifa tulikwenda kwenye mafunzo ya kuzima moto kwa wakazi wa mtaa. Uani waliwasha moto ndani ya beseni la chuma. Mzimamoto mmoja, msichana mwenye nywele fupi, akanipa kizimamoto, akanionyesha pini ya kuchomoa. Niliichomoa. Halafu nikabaki nimesimama. Moto ulipanda, ukajikunja, ukawa na rangi ya buluu chini, juu dhahabu, na katikati kitu kisicho na rangi kabisa kinachotetemesha hewa. Sijawahi kuutazama hivyo maishani mwangu.

"Madame," aliniita yule msichana, "unangoja nini?"

"Samahani," nilimjibu. "Ninauangalia kwanza."

Latifa akanipiga kiwiko, nikabonyeza, ukazimika. Watu wakapiga makofi. Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira kidogo na wewe. Miaka yote ile, Papa, uliniambia moto ni mkali, moto ni mwongo, moto hauna rafiki. Hukuniambia hata siku moja kwamba ni mzuri.

Pumzika, Papa. Mimi bado nauliza.

Binti yako