Seva ya Masjala

3 Juni

Shikamoo Baba,

U hali gani na huo mgongo? Mimi mzima, ila usingizi nimeupa likizo. Nimekabidhiwa kufunga mfumo wa kuandaa seva za zahanati zetu zote. Zamani nilizunguka kituo hadi kituo na diski mkononi. Sasa seva ikiwashwa tu inauuliza mfumo, nao unaifuta na kuipanga upya, bila mtu kuigusa. Hata hiyo ya masjala ya zahanati yenu unayoitunza imo kwenye orodha, lakini usihofu, nitakuja kwanza kunakili kila kitu.

Mwanao

8 Juni

Marahaba mwanangu,

Mgongo unanikumbusha umri, mengine salama. Nimemaliza kuingiza kwenye seva madaftari ya wakunga, watoto wote waliozaliwa hapa kwa miaka kumi na mmoja. Madaftari yenyewe yaliliwa na mchwa, tumeyachoma. Kila Jumamosi nazima mashine, napuliza vumbi kama ulivyonifundisha, naiwasha, ndipo naenda kwenye kompyuta ya muuguzi kusoma barua zako. Wakunga wananitania kwamba naiogesha mara nyingi kuliko ninavyooga.

Baba yako

13 Juni

Shikamoo Baba,

Habari za afya tutaulizana baadaye. Mkuu wangu ameuwasha mfumo leo, kabla sijaja kunakili. Nimemwomba aitoe seva yako kwenye orodha, anasema orodha imeshasainiwa, tusubiri kikao cha Jumatatu. Nimeinamisha kichwa nikatoka. Seva inayofanya kazi haiguswi, ila ikizimwa na kuwashwa inafutwa yote. Usiizime Jumamosi. Nimekupigia mara sita, najua masikio yako na simu hayapatani, na ya kituo haipokelewi. Naogopa, Baba.

Mwanao

15 Juni

Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma sasa hivi, nikiwa nimeshaiwasha. Nilianza na vumbi, kama kawaida yangu. Kioo kimeandika kwamba kazi imekamilika. Nimetafuta mwaka mmoja mmoja, hakuna hata jina. Usijilaumu, mkono ulioizima ni wangu.

Nje kuna akina mama watatu, wanataka barua za kuthibitisha kuzaliwa, wakaandikishe watoto shule. Nimewaambia wasubiri kidogo, binti yangu ndiye fundi wa mashine hizi. Wamekubali, wamekaa kwenye benchi. Niambie nibonyeze wapi.

Baba yako