Kwanza Jina, Ndipo Mzomee

Germantown, Philadelphia
29 Juni

Mpendwa kaka yangu Cornell,

Hujambo, wewe mrefu? Wifi yangu Graciela na watoto hawajambo? Huko Bahía Blanca najua sasa ni baridi, maana sisi tukitokwa jasho ninyi ndio mnavaa makoti. Goti lako la kulia linasemaje? Usiniambie limepona, nakujua mimi. Wewe hata ukivunjika mguu utasema umejikwaa tu.

Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, ila presha inapanda na kushuka inavyotaka yenyewe. Daktari amenikataza chumvi, basi samaki wa Ijumaa siku hizi namla kwa kujilazimisha.

Mjomba Linwood naye yupo. Najua hukuuliza, na una miaka thelathini na moja hujauliza, lakini nakuambia hivyo hivyo. Ametimiza themanini na tatu. Mikono imeanza kumtetemeka, kwa hiyo mwezi wa Septemba anafunga duka lake la kinyozi.

Juzi nilipita pale kona nikanunua barafu ya ndimu, nikakukumbuka mpaka nikacheka peke yangu njiani. Unakumbuka ulivyokuwa ukila vikombe vitatu mfululizo, kisha unashika kichwa unalia kinauma? Tulikuwa tunakaa kwenye ngazi za mbele ya duka, miguu yako imefika katikati ya njia, wapita njia wanairuka wakikutukana. Mjomba alikuwa akikupima kwa penseli kwenye fremu ya mlango kila siku yako ya kuzaliwa. Ulipofika miaka kumi na minne fremu ikaisha, akapanda kiti akaendelea kuandika ukutani. Wateja wakaambiwa wote, wanaotaka na wasiotaka: “Mpwa wangu huyo! Akikua atabadilisha taa za barabarani bila ngazi!”

Ah, siku zile. Mama zetu, dada wawili wa Mjomba, walikuwa wametutoka mapema, Mungu awarehemu, lakini mimi sikumbuki kama tulijiona yatima. Tulikuwa na Mjomba, na kila mmoja wetu alikuwa na mwenzake.

Sasa nikupe habari iliyonikalisha kuandika. Alhamisi timu yetu ya mpira wa kikapu ilikuwa inachagua wachezaji wapya wa duru ya pili. Siku hizi duru hiyo wameitenga, inafanyika alasiri, siku moja baada ya ile ya kwanza. Nilikuwa pale dukani nimempelekea Mjomba chakula, na watu walikuwa wamejaa. Kila mtu alitaka mfungaji wa mbali, maana msimu mzima timu imerusha mpira kama inarusha mawe. Mtangazaji wa runinga akaanza kusema kwamba Philadelphia wanachukua senta, yule mrefu wa kusimama chini ya kikapu.

Weee! Ungesikia. Mzee Purnell, yule aliyekuwa dereva wa basi la shule yetu, aliruka kitini na shuka la kinyozi shingoni. “Senta tena? Jamani, tunajenga timu au tunajenga ukuta?” Jamaa mmoja mwenye povu kidevuni akamjibu, “Duru ya pili ni rundo la mitumba, mzee. Ukipata isiyo na tundu, shukuru.” Hapo ndipo wakaanza kuzomea. Unayajua mazomeo ya mji huu. Tunazomea waamuzi, tunazomea mvua, Krismasi ikichelewa tutaizomea.

Mjomba akazima mashine ya kunyolea. “Nyamazeni! Humu ndani hamzomei mtu kabla jina lake halijasomwa. Kwanza jina, ndipo mzomee.”

Hiyo ndiyo sheria ya duka lile, Cornell. Ameiweka tangu mwaka ule ulipoondoka. Wakanyamaza, jina likasomwa, ni kijana mmoja wa kutoka Ohio, futi saba, meno nje kwa furaha, mama yake amemning'inia shingoni. Hakuna aliyezomea tena. Lakini Purnell hajui kufunga mdomo. Akasema, “Ati Linwood leo anatufundisha adabu! Si wewe uliyemzomea mpwa wako mwenyewe, ukamkimbiza mpaka Argentina?”

Mjomba akawasha mashine. “Ndiyo,” akasema. “Nilimzomea.” Akaendelea kunyoa. Hakunitazama hata kidogo.

Kaka, tangu Alhamisi nakuwaza wewe tu.

Jioni ile ya mwaka uliochaguliwa wewe ninaikumbuka yote. Tulikuwa tunasikiliza redio pale dukani, wewe umesimama karibu na jokofu na sahani ya kuku mkononi, umevaa shati la Mjomba lililokuwa fupi kwako mikononi. Wewe mwenyewe ulisema watu wa Cleveland ndio watakaokuchukua, kwa hiyo hakuna aliyetegea sikio zamu ya Philadelphia. Mtangazaji akasema ni senta, kelele za kuzomea zikapanda, jina likamezwa. Ndipo akalirudia. Cornell Ashby. Bado naiona ile sahani ulivyoiweka chini taratibu, usimwage hata tone la mchuzi. Ulimtazama Mjomba, kwa kuwa sauti yake ndiyo iliyojaza chumba, ukatoka. Ulicheza mechi kumi na moja kwa timu yetu, kisha ukapanda ndege bila hata kumpa mkono.

Mjomba alifuata tu. Aliyeanza ni mimi.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimekaa nyuma karibu na beseni la kuoshea nywele. Miaka yote wanaume wale walikuwa wakiniambia msichana hajui basketi, nifagie nywele. Siku hiyo nikataka nisikike mbele yao wote. Neno “senta” lilipotoka tu, nikazomea kwa nguvu zangu zote, hata sikusubiri. Mjomba akadakia kwa mazoea, na wengine nyuma yake. Alijua ni mimi. Alinyamaza, nami nikamwacha anyamaze, miaka thelathini na moja. Ninaona haya kuandika hivi, lakini ndivyo ilivyo.

Jana nilimwendea nikamwambia nakuandikia kila kitu. Alikasirika! “Odessa, usithubutu. Barua hiyo ichane.” Nikamuuliza kwa nini, hasira zote hizi amebebeshwa yeye na hazikuwa zake. Akakaa kwenye kiti cha wateja, akasema, “Anaweza kuishi bila mjomba. Asikose dada.”

Sikuichana. Namba ya simu ya duka haijabadilika, Cornell. Mpigie yeye kwanza. Mimi nikasirikie baadaye, kwa muda wowote utakaotaka, nitakuwepo.

Msalimie sana wifi Graciela. Bruno na Milagros waambie shangazi yao anawabusu. Dada Purnell, mke wa yule domo-kaya, anakusalimu, na kanisani bado wanakutaja kwa jina kila Jumapili. Mungu awalinde nyumbani kwenu, alainishe goti lako, na moyo wako pia.

Nakupenda, na sijawahi kuacha kukupenda. Mimi dada yako, ikiwa utakubali kuniita hivyo,

Odessa