Ini la Mtu Asiyekunywa

Baba,

Shikamoo. Nimeiandika, kisha nikasubiri uitikie, kama nilivyozoea.

Asubuhi hii ukungu umeshuka mpaka kibanjani, shambani petu. Migomba ya mbali siioni, na ya karibu imesimama kama watu wanaosikiliza kitu. Mibuni imechanua yote kwa pamoja. Unajua harufu yake inavyokuwa baada ya mvua, inaingia ndani hata mlango ukiwa umefungwa. Mama amesema, "Leo baba yenu angetoka kuitazama bila kunywa uji." Halafu akaenda kuchuma maharage ambayo hata hayajakomaa.

Nimekuota tena. Unatembea kwenye nyika ile ya upande wa Kyerwa, nyasi zinakufika magotini, ng'ombe wenye pembe ndefu wanakupisha taratibu. Unaimba besi, na hukohoi hata mara moja. Tumbo lako ni dogo kama zamani. Nakuita. Unageuka na kuniinulia kiganja, kama ulivyokuwa ukiwazuia waimbaji wa sauti ya kwanza wasiingie mapema. Naamka nikiwa nimengoja kweli, mdomo wazi.

Nilipokuwa mdogo nilidhani kila baba hukohoa. Nilidhani kila baba huziba masikio kwa pamba kwa sababu ya usaha, na kwamba kila masika lazima alazwe kwa nimonia. Kifua kikipoa, tumbo linaanza kuharisha. Ulipimwa kifua kikuu, hakikuonekana. Ulipimwa virusi vya UKIMWI mara nyingi mpaka muuguzi wa zahanati akakwambia, "Mwalimu, huna. Usije tena kwa hicho." Ulitusimulia hapa nyumbani Igurwa ukicheka, na kicheko kikakuletea kikohozi.

Kisha tumbo likaanza kujaa. Miguu ikavimba, macho yakawa ya njano. Bandama ilikuwa imekua, zahanati wakasema ni malaria sugu. Watu walisema lao: rubisi, ile pombe ya ndizi. Walisema unavuka mpaka pale Murongo kwenda kunywea upande wa Uganda, ambako hakuna anayemjua mwalimu wa kwaya. Wewe ambaye kwenye harusi ulikuwa ukiomba maji.

Baba mdogo, mdogo wako wa tumbo moja, ndiye aliyesimama kwenye kikao cha wazee wa kanisa. "Mwalimu apumzike kwanza," akasema. Hakutaja pombe. Hakuwa na haja. Uliwakabidhi kitabu cha nyimbo, ukahamia benchi la nyuma karibu na mlango, na ukaendelea kuimba besi kwa sauti ndogo ambayo ni sisi tu tuliokaa karibu nawe tulioisikia.

Sasa nikwambie jambo ambalo unalijua. Ile siku umelala uani mchana, kwenye mkeka, jua limekufunika mpaka kifuani. Kikombe kilikuwa pembeni yako. Nilikiinua, nikakinusa. Chai ya mchaichai, imepoa. Nilipoinua uso ulikuwa unanitazama. Ukasema tu, "Ipo nyingine kwenye birika, mwana wange." Ukafumba macho.

Nilitaka kukuomba msamaha jioni ile. Nikasema kesho. Nisamehe, Baba. Na mimi nilikunusa.

Jumapili uliyotapika damu, tuliposafiri nawe hadi hospitali kubwa ng'ambo ya ziwa, nilikuwa kama ninayeota nikiwa macho. Nakumbuka maji mengi ya kijivu, na mkono wako uliokuwa mwepesi mno. Nakumbuka yule daktari, mama wa makamo, sauti ya chini. Wengine wote walianza kwa kuuliza unakunywa kiasi gani. Yeye aliuliza, "Mzee, ulianza kuuguaugua ukiwa na umri gani?" Ukamsimulia maisha yako kuanzia masikio. Alikusikiliza mpaka mwisho, kalamu chini.

Akatueleza polepole kwamba wako watu wanaozaliwa na mwili usiotengeneza kingamwili za kutosha, zile zinazopigana na vijidudu. Wengine hufika utu uzima bila kujua, wakiponeshwa kifua leo na sikio kesho. Na kwa baadhi yao ini nalo huharibika. Linaota vinundu vidogo vidogo, damu inakosa njia ya kupita, inarudi nyuma na kuijaza bandama na mishipa ya kooni, mpaka mshipa unapasuka.

Uliuliza swali moja tu: "Kwa hiyo si pombe?"

"Si pombe, mzee wangu."

Nilikuona ukilala siku ile, Baba. Ulilala kama mtoto. Wakachukua damu yako kuipeleka mbali ipimwe. Siku ya pili yake ukatapika damu tena, na wakashindwa kuizuia.

Majibu yalifika wiki ya tatu baada ya kukuzika. Karatasi moja tu. Kingamwili zako zilikuwa chini sana, kama daktari alivyodhani. Nilimpelekea Baba mdogo. Akaisoma, akafuta miwani, akaisoma tena. Jumapili iliyofuata alisimama mbele ya watu wote akasema, "Kaka yangu hakuwa mlevi. Mimi ndiye niliyem..." Hakumaliza. Alikaa palepale kwenye ngazi ya madhabahu na koti lake la Jumapili. Kwaya ilitakiwa kuimba. Walitazamana tu, kama wanaokusubiri uwape sauti ya kuanzia kama zamani. Nikahisi kama upo, umeinua mkono, bado hujaushusha.

Daktari alikuwa amesema watoto wako nao wapimwe. Ndugu yangu Asimwe ni mzima. Mimi, Baba, si mzima. Yale masikio yangu, yale mafua yangu yasiyokwisha ambayo Mama aliyaita ya kurithi akitania. Ni ya kurithi kweli.

Sikulia. Nililala kitandani wakaniangalia ini kwa chombo cha ultrasaundi, nikaliona kwenye kioo, kijivu, linapanda na kushuka na pumzi yangu. "Bado ni zuri," daktari akasema. Dawa yenyewe, ile ya kuongezewa kingamwili kwa dripu, ni adimu, ila ananitafutia. Kwa sasa nikipata homa nisikae nayo nyumbani hata siku moja, na ini litazamwe mara kwa mara. Mpaka leo hakuna aliyenong'ona kunihusu. Wakiniuliza naumwa nini, nataja jina la ugonjwa, na Baba mdogo huwa ananisaidia kueleza, ingawa analikosea.

Jumatano narudi kliniki. Mama atanisindikiza. Amekwisha kunyoosha kitenge chake na kukitundika, ingawa leo ni Jumamosi.

Pumzika, Baba yangu. Naahidi sitakosa kliniki hata moja, na nitajitahidi nizeeke. Wewe uzee hukuuona. Nitaufikia mimi, niwe nakuja kaburini kwako kukueleza uzee ulivyo, kidogo kidogo.

Mwanao,
Kokugonza