Tulivyokunywa Uji wa Mama

Dada Rhoda,

Hamjambo huko Sigor? Picha ya kadi hii ni ya chai ya Kericho, lakini mimi niko hospitali na Mama, na kichwa kimenivurugika. Tangu akatwe kipande cha utumbo, mimi na Shangazi tumekuwa tukimnywea uji wake kisiri, tukidhani kidonda kinataka kupumzika. Leo daktari ametushika.

"Mpeni ale! Chakula kikifika, utumbo unatoa homoni, na hizo homoni ndizo zinauambia ukue na upone."

Sasa utumbo unajiambiaje? Sielewi, Rhoda. Nilimpa kijiko kimoja. Mama akameza, akatutazama.

"Siku tatu nawaambia nina njaa."

Mwambie Baba leo Mama amekula. Mtuombee.

Chebet