Sanduku la Biri za Baba

Isevya, Tabora
3 Novemba 1974

Kwako kaka yangu Silasi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko kwenye ujenzi wa reli, na kwamba kile kidole ulichokikata kwa msumeno kimepona. Sisi huku hatujambo kiasi. Imakulata ameota meno mawili, hanipi nafasi ya kulala. Shemeji yako Modest anakusalimu. Nakuandikia mtoto akiwa mgongoni, kwa hiyo mwandiko unisamehe.

Barua yako ya kutupa pole niliipata. Nimeisoma mara nyingi, hasa pale ulipouliza kama Baba aliwahi kuvuta hata biri moja kutoka kwenye sanduku ulilomtengenezea. Swali hilo ndilo lililonichelewesha kujibu.

Unajua watu walipohamishiwa kijiji cha ujamaa, Baba hakuwa tena na nguvu za kujenga nyumba nyingine, ndipo Modest akamleta hapa kwetu. Alikuja na godoro na chungu. Ndani ya chungu, katika majani mabichi ya mgomba, mlikuwa na biri nene kumi na mbili alizozisokota mwenyewe kwa tumbaku ya shamba lake la mwisho. Alisema miaka ishirini amekausha tumbaku kwenye bani la mzungu, lile banda la moto, akimwona mzungu mwenyewe anavuta kutoka sanduku la mwerezi, na sasa zamu yake imefika.

Saidi wa treni alilileta sanduku mwishoni mwa Julai. Baba alilinusa kwanza, akasema Silasi hakukosea mbao. Lakini alikataza biri zisiwekwe. Mbao kavu, alisema, zingenyonya unyevu wote wa tumbaku. Lazima zinyweshwe kwanza mpaka zishibe. Akawa ananielekeza akiwa kitandani. Nichemshe maji yapoe, nikamue kitambaa cheupe mpaka kisidondoke, nipanguse ndani mara moja tu. Halafu niweke humo kisahani cha pamba iliyoloweshwa, nifunge, siku tatu nisichungulie, kisha nirudie. Mimi kwa haraka zangu nikamwagia maji, ubao mmoja ukataka kupinda. Baba akaniuliza kama nilikuwa naosha sufuria. Jirani yangu Zamda naye akasema sanduku la kwangu linanyweshwa kwa saa kuliko mtoto. Baba alicheka mpaka akakohoa, na kikohozi kile hakikukatika, nikampeleka zahanati.

Mganga aliniita pembeni, akaniambia kifua cha mzee hakiwezi moshi tena, hata wa biri moja. Sikumwambia Baba.

Kila asubuhi aliniuliza kama mbao zimeshiba. Nikamjibu bado. Katikati ya Agosti zilikuwa zimeshiba kweli. Pamba ilimaliza siku tatu haijakauka, na ubao niliuweka shavuni nikausikia baridi. Nikasema bado. Nikasingizia upepo wa kiangazi. Siku nyingine nikasingizia kwamba Imakulata alifungua kifuniko, mtoto ambaye hata kutambaa alikuwa hajaanza. Nilijiambia namlinda, na ni kweli nilikuwa namlinda. Lakini kaka, nilikuwa nimechoka pia, na kusema bado kulikuwa kwepesi kuliko kukaa naye nimweleze.

Sasa hili sijamwambia mtu, hata Modest. Mwezi wa Septemba, asubuhi moja, Baba aliomba nimpelekee sanduku. Akaingiza mkono. Unavijua vidole vile, alikuwa akigusa jani mara moja anajua kama litashushwa banini leo au kesho. Akavipitisha chini, polepole, mpaka kwenye pembe zote. Mimi nimesimama pale namtazama. Akaniangalia, akasema ni kweli mama, bado. Akafunga kifuniko, akaomba uji. Hakuniuliza tena. Siku ya tisa akatutoka.

Kwa hiyo jibu ni hapana, hakuvuta. Hata leo nisingempa, na hilo usinigombeze. Ninachojutia ni kwamba sikumwambia ukweli, mpaka mzee wa watu akalazimika kudanganya pamoja nami.

Jana nilifungua chungu. Biri zimeota ukungu, isipokuwa mbili zilizokuwa katikati. Nimezipangusa nikaziweka sandukuni, na kila Jumapili nikitoka misa nitalowesha pamba. Ni zako. Ukipata likizo ya Krismasi uje, twende makaburini pamoja, nawe utaamua mwenyewe la kufanya nazo.

Wasalimie wenzako wote wa huko. Imakulata anavuta karatasi, naishia hapa. Ukifika usiniulize kama mbao zimeshiba. Zilishiba tangu Agosti.

Mimi mdogo wako,
Koleta