Mashine Iliyovishwa Kitambaa

Nuu, Mwingi
8 Agosti 1999

Kavata,

Uniwie radhi kwa kimya changu cha tangu Februari. Nilianza barua mara kadhaa nikazichana, si kwa kukosa maneno bali kwa kuyaona makali mno. Natumaini u mzima, na kwamba shangazi yako Kalunde hapo Mukuyuni hajachoka kukulisha tangu uifunge ofisi yako ya chapa pale Matiliku. Mimi sijambo, isipokuwa goti. Mvua ilituhadaa, mahindi yalikauka yangali machanga, tumevuna mbaazi kidogo.

Jubilii ya kanisa ilifanyika bila kitabu cha historia ulichokuwa ukikipiga chapa. Watu waliuliza. Nilisema mashine iliharibika. Mzee Kiema akaongeza, "Iliharibiwa," nao wakacheka. Muthoki, mama wa kwanza kubatizwa hapa kwetu, hakuwapo. Tulimzika mwezi wa Juni.

Ninakuuliza jambo moja, nawe unijibu bila kuficha. Kwa nini uliilazimisha kompyuta ile kwenda kasi kuliko alivyokusudia aliyeiunda? Punda wa maji hapa Nuu ana mzigo wake. Ukimwongezea mtungi, atalala njiani. Hayo uliyajua tangu utotoni.

Baba yako,
Mutie


Mukuyuni
29 Agosti 1999

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nimeipokea barua yako na nikafurahi kuona mwandiko wako, ingawa umeniita kwa jina tupu. Tangu nizaliwe umekuwa ukiniita Mwaitu, mama yetu, kwa sababu nina jina la mama yako. Shangazi hajambo. Anasema ninakula vizuri lakini ninapima maharagwe ya dukani kwake kwa kuzidisha, na wateja wake wameanza kuniomba mimi badala yake. Pole kwa goti. Habari ya Muthoki sikuwa nayo. Nililia hapo hapo kwenye magunia.

Umeniuliza, nami nitakujibu. Prosesa, yaani ubongo wa kompyuta yangu, ni ya bei nafuu, ya megahezi mia tatu. Kitabu kilikuwa na picha nyingi, na kila nilipogeuza ukurasa mashine ilikaa ikifikiri hadi chai ikapoa. Wanaofanya kazi hii wanajua kwamba aina ile huweza kwenda hadi mia nne na hamsini ukibadilisha mpangilio katika ubao wake. Nikabadilisha. Siku ya kwanza iliganda, kwa sababu mwendo ukizidi, joto nalo huzidi, na kifeni kilichokuja nayo ni kidogo kama kifuniko cha chupa ya soda.

Sikuiacha hivyo, Baba. Nilitafuta bonge la alumini lenye mapezi mapana, lenye feni mbili. Nikapaka dawa nyeupe ya kupitisha joto katikati yake na prosesa, nikaondoa ubavu wa kasha, na feni ya mezani ikavuma ndani. Ilifanya kazi vizuri hata adhuhuri, katika jua lile la Matiliku. Punda wako alikuwa na kivuli na maji.

Kisha ukaja na mchungaji, wazee wa kanisa na Muthoki. Uliniambia kwamba mashine yenye matumbo nje haionyeshwi wageni. Nikaufunga ubavu, nikaisogeza feni. Ukatoa mfukoni kitambaa ambacho marehemu mama aliifumia redio, ukaivisha kompyuta hadi nyuma, kwa heshima. Mbele ya mchungaji, na kwa kitambaa cha Mama, sikuweza kunyoosha mkono nikitoe. Ningeweza kuizima nikairudisha kwenye mwendo wake wa kuzaliwa. Sikufanya hivyo pia. Nilitaka Mzee Kiema aone kasi.

Muthoki alikuwa amekaa kando yangu akisimulia, nami nikiandika. Maneno yake yalikuwa kwenye kioo, bado hayajaingia kwenye disketi, mashine ilipoganda na harufu ikatoka. Ulisema, "Kiburi chako kimeiunguza." Muthoki alinishika mkono akasema nimwendee nyumbani, atasimulia tena. Sikwenda. Niliona haya kumwona.

Binti yako,
Kavata


Nuu
19 Septemba 1999

Mwaitu,

Salamu nyingi kwako na kwa Kalunde. Goti limepata nafuu. Upepo wa kiangazi umeanza, na mbuzi wanakula hata ua wa boma.

Barua yako niliisoma, nikaiweka, nikaenda kuitazama mizinga. Saa sita mchana, jua likiwa kali, nyuki husimama mlangoni wakipepea mbawa ili nta isiyeyuke. Unakumbuka nilivyokukaripia ulipochezea mlango wa mzinga ukiwa mdogo. Nilikuambia ukiuziba, wataungua au watahama. Hayo nami niliyajua tangu utotoni, Mwaitu, na bado niliuziba.

Nilitaka wazee waone kwamba mwanangu ana mashine ya heshima. Nyumbani kwetu kitu cha heshima huvishwa: redio, kiti cha mgeni, hata birika. Sikuuliza kama mashine nayo hupumua.

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, nilisimama katika kikao cha wazee nikawaeleza. Kiema aliuliza, "Kwa hiyo mwenye makosa ni kitambaa?"

Nikamjibu, "Mwenye makosa ni mkono uliokiweka."

Hakucheka. Mchungaji alisema kanisa litanunua prosesa nyingine na kitabu kitolewe, hata kama jubilii imepita. Waliniomba nikuamuru urudi Matiliku. Niliwaambia kwamba amri nilizimaliza mwezi wa Februari. Basi ninakuuliza tu. Utarudi?

Baba yako,
Mutie


Mukuyuni
10 Oktoba 1999

Baba mpendwa,

Shikamoo. Sisi wazima, na ninafurahi kwamba goti limetulia. Shangazi ameagiza uletewe choroko na mwanawe Musyoka, na anakuonya usiwape mbuzi.

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Asante kwa ulilolisema kikaoni. Sikujua kama nilikuwa nikilingoja hadi nilipoliona limeandikwa.

Jana nililifungua sanduku nililohama nalo kutoka Matiliku. Bonge la alumini ni zima, feni zinazunguka kwa kidole. Kitambaa cha Mama nimekifua, lakini bado kinanuka plastiki iliyoungua. Sitakitupa.

Shule moja huko Emali inataka mpiga chapa, na wananingoja kabla ya Krismasi. Huko mashine ni zao na mwendo ni wao, hakuna atakayenilaumu. Kurudi Matiliku ni kurudi kwenye kiti ambacho Muthoki alikaa kando yake. Prosesa hununuliwa. Simulizi yake hainunuliwi, na kitabu bila yeye ni nyumba isiyo na mlango.

Lakini jana usiku nilikumbuka kwamba hatukuwa peke yetu. Wewe ulikuwa umekaa nyuma yetu, na ulimsikia tangu neno la kwanza. Umemsikia maisha yako yote. Nikirudi, itabidi uje ukae mahali pake, usimulie alivyosimulia, saa nzima nzima, mbele ya mashine iliyo wazi matumbo nje na feni ikikupulizia vumbi usoni. Jiulize kama utaweza, nami ninajiuliza upande wangu.

Usinihimize, Baba. Nikishaamua, nitakuandikia.

Mwaitu wako,
Kavata